Kusimama bila kushika kitu

Hakuna binadamu anayesimama akatulia tuli. Mtazame mtu aliyesimama wima, hata awe kijana mwenye afya tele, kisha linganisha ncha ya bega lake na alama yoyote iliyo ukutani nyuma yake. Utaliona bega linakwenda na kurudi polepole, zaidi mbele na nyuma kuliko kushoto na kulia. Kuyumba huko huanza siku mtoto anaposimama kwa mara ya kwanza. Kwa mtoto ni kukubwa, kwa mtu mzima kunapungua, na kuanzia miaka ya 60 hivi kunaongezeka tena, kwa ukubwa na kwa kasi.

Kuyumba kwenyewe si ugonjwa. Mzee anayeyumba kidogo zaidi ya mwanawe hajawa hatarini kwa sababu hiyo tu. Kinachoamua nani ataanguka ni uwezo wa mwili kujirudisha pale unapovuka mpaka wake, na uwezo huo hupungua kimyakimya. Mwili una njia kadhaa za kujua umekaaje, na njia moja ikififia nyingine huifunika. Mzee husimama sebuleni mchana, sakafu ngumu, mwanga wa kutosha, hakuna anayemsemesha, na kila mtu anaridhika kwamba bado ana nguvu zake. Upungufu hujitokeza usiku, anapoamka ghafla kwenda chooni, taa imezimwa, amevaa soksi na mkojo umembana. Vifuniko vyote vimeondolewa kwa pamoja.

Kwa hiyo, anayetaka kujua hali halisi ya mizani ya mwili lazima aondoe vifuniko hivyo kimoja kimoja, mahali salama, kabla usiku haujaviondoa. Mazoezi nayo hufuata njia hiyohiyo.

Mpini wa jembe kwenye kiganja

Ukisimamisha mpini wa jembe wima juu ya kiganja, mkono hautulii hata kidogo. Unaufuata mpini, unausukuma, unaurudisha. Mwili uliosimama uko hivyohivyo, ila kiganja ni nyayo mbili na egemeo ni vifundo vya miguu. Kitovu cha uzito wa mtu kiko usawa wa chini ya kitovu cha tumbo, na mstari unaoshuka kutoka hapo hadi sakafuni huangukia sentimita chache mbele ya vifundo. Maana yake ni kwamba mwili daima unaelekea kuanguka mbele, na misuli ya mashavu ya miguu ndiyo inayouvuta nyuma. Ukakamavu wa misuli na kano peke yake hauwezi kuubeba. Ubongo hutuma marekebisho madogo, mara mbili au tatu kila sekunde, muda wote unapokuwa umesimama.

Marekebisho hayo yanahitaji habari, na habari zinatoka sehemu tatu: miguuni, machoni na katika sikio la ndani. Mtu mwenye afya akiwa kwenye sakafu ngumu yenye mwanga hutegemea zaidi miguu, kwa kiasi cha asilimia 70. Sikio la ndani huchangia kama asilimia 20 na macho asilimia 10. Akipanda juu ya godoro au mchanga, hesabu hiyo hupinduliwa na sikio la ndani ndilo hushika usukani. Mgao haukai mahali pamoja, na uwezo wa kuubadili haraka ni sehemu ya mizani yenyewe.

Miguu ndiyo inayostahili kuangaliwa kwanza. Ngozi ya unyayo ina vihisio vinavyopima mgandamizo unahamia wapi, kisiginoni au vidoleni, na misuli ina vihisio vinavyopima kifundo kimepinda kiasi gani. Vyote hupungua kwa umri, na neva ndefu kuliko zote mwilini, zile zinazofika vidole vya miguu, ndizo zinazodhoofika mapema. Kisukari huharakisha sana jambo hili. Upungufu wa vitamini B12 pia, na hapa kuna mtego: metformini, dawa inayotumiwa na wagonjwa wengi wa kisukari, ikitumiwa kwa miaka inaweza kushusha B12. Mzee mwenye kisukari anayesema anahisi kama anakanyaga pamba apimwe vyote viwili, isidhaniwe tu kwamba ni sukari. Daktari ana kipimo rahisi cha uma wa sauti unaotetema, unaowekwa kwenye kidole gumba cha mguu. Asiyehisi mtetemo huo amepoteza sehemu kubwa ya habari za chini, hata kama anatembea vizuri.

Macho hupoteza mambo mawili yanayohusu mizani zaidi ya herufi za ubaoni: uwezo wa kutofautisha rangi zinazokaribiana, na uwezo wa kukadiria umbali. Ngazi ya kijivu kwenye sakafu ya kijivu haionekani ukingo wake. Mtoto wa jicho huongeza tatizo, na kumtoa katika jicho la kwanza kumeonekana kupunguza maanguko, kwa hiyo kuahirisha upasuaji mpaka mtu ashindwe kabisa kusoma si busara.

Katika sikio la ndani kuna mifereji mitatu inayopima kichwa kinavyogeuka, na vifuko viwili vyenye vijiwe vidogo vya chokaa vinavyopima kuinama na mwendo wa moja kwa moja. Seli zenye vinyweleo zilizomo humo hupungua na umri na hazioti tena. Vijiwe navyo wakati mwingine hutoka kwenye kifuko na kuingia mferejini. Mtu akijigeuza kitandani au akitazama juu, dunia inazunguka kwa muda usiofika dakika moja, kisha inatulia. Wazee wengi hawasemi wana kizunguzungu. Husema tu kwamba hawajiamini wakisimama. Hali hii inatibika kwa mfululizo wa kugeuza kichwa unaochukua dakika chache, ukifanywa na mtu aliyefundishwa, bila dawa yoyote. Inasikitisha kuona mtu amepewa vidonge vya kizunguzungu kwa miaka kadhaa, vidonge ambavyo vinamlegeza na kumyumbisha zaidi, wakati tatizo lake lingeweza kwisha katika ziara moja au mbili.

Nguvu ipo, kasi haipo

Habari zikifika, lazima misuli iitikie. Mwili ukisukumwa ghafla, misuli ya miguu huanza kujibu baada ya takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde, kabla mtu hajafikiri lolote. Kwa mzee jibu hilo huchelewa kidogo. Tofauti ni ndogo, lakini mwili unaoanguka huongeza kasi kila wakati unaopita, hivyo kuchelewa kidogo mwanzoni hudai nguvu nyingi zaidi mwishoni.

Na hapo ndipo msuli wa mzee unapokwama. Nyuzi za msuli zenye kasi hupungua na kusinyaa mapema kuliko zile za polepole. Matokeo yake, uwezo wa kutoa nguvu kwa haraka hushuka upesi kuliko nguvu yenyewe. Mzee anaweza kubeba ndoo aliyoibeba miaka 10 iliyopita, lakini asiweze kuutupa mguu mbele kwa haraka alipojikwaa. Anayepima nguvu tu, bila kupima kasi, atasema hakuna shida.

Mwili una namna tatu za kujirudisha. Msukumo ukiwa mdogo, vifundo vinatosha: mwili wote huyumba kama kipande kimoja na mashavu ya miguu huurudisha. Msukumo ukizidi, au eneo la kukanyaga likiwa jembamba, mtu hukunja mwili kwenye nyonga, kiuno kikaenda nyuma na kichwa mbele. Ukizidi zaidi, lazima apige hatua. Kwa umri, watu huacha mapema njia ya vifundo, ama kwa sababu vifundo vimekaza, ama nyayo hazileti habari. Hatua zao nazo hubadilika: badala ya hatua moja ndefu, zinakuja mbili tatu fupi. Hatari kubwa iko pembeni. Mtu akisukumwa upande, lazima avushe mguu mmoja kando ya mwingine, na miguu ya mzee hugongana. Mtu akianguka ubavu, nyonga ndiyo hupokea pigo, na mifupa ya nyonga ndiyo inayovunjika.

Woga nao una mchango wake. Aliyewahi kuanguka hukaza misuli ya mbele na ya nyuma ya mguu kwa pamoja ili asiyumbe. Kweli, huyumba kidogo kwa muda, lakini kifundo kilichokazwa hakiwezi kujirudisha upesi. Tena huacha kutoka, misuli hupungua, na woga unapata sababu mpya. Kumwambia "kaa, usihangaike, nitakuletea" kunatoka kwenye upendo, lakini kila siku anayokaa kunampunguzia uwezo wa kusimama.

Jambo moja zaidi kuhusu ubongo. Kusimama na kutembea kwa kijana hakuchukui fikra nyingi, kwa mzee huchukua. Ukiona mzee anasimama kwanza kila anapotaka kukujibu swali njiani, ujue kutembea kumeshachukua sehemu kubwa ya umakini wake.

Kupima nyumbani

Chagua kona ya chumba. Mtu asimame mgongo ukielekea kona, kuta mbili zikiwa karibu na mabega bila kumgusa, na mbele yake kiti kizito kisichoteleza, egemeo likimwelekea. Mtu mwingine asimame pembeni, mkono tayari lakini bila kushika. Viatu vya kawaida vya chini. Macho yatazame mbele, alama iliyo usawa wa uso. Saa yenye sekunde.

Kuna mikao minne, kila mmoja kwa sekunde 10. Wa kwanza, nyayo zote mbili pamoja. Wa pili, mguu mmoja usogezwe mbele nusu, ubavu wa ndani wa kisigino chake uguse kidole gumba cha mwingine. Wa tatu, mguu mmoja mbele kabisa ya mwingine, kisigino kikigusa vidole. Wa nne, mguu mmoja. Akishindwa mmoja, usiendelee na unaofuata. Mtu mwenye miaka 65 au zaidi asiyeweza kushika mkao wa tatu kwa sekunde 10 yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuanguka, na anahitaji kuonwa na mtaalamu.

Kwenye mguu mmoja unaweza kuendelea kuhesabu kupita sekunde 10, na hesabu inakoma mguu ulioinuliwa unapogusa sakafu au unapoegemea mguu mwingine, au ule uliokanyaga unapohama. Kosa la kawaida ni kuubana mguu ulioinuliwa kwenye goti la mwingine. Hapo unapima egemeo, hupimi mizani. Wastani wa watu wenye afya, macho yakiwa wazi, ni karibu nusu dakika katika miaka ya 60, sekunde 15 hadi 20 katika miaka ya 70, na sekunde 6 hadi 9 baada ya 80. Hao ni wastani, kwa hiyo tofauti ya sekunde mbili tatu isimtie mtu hofu. Asiyefika sekunde 5 ndiye wa kushughulikiwa haraka. Macho yakifumbwa, hata mtu mzuri wa miaka 70 hubaki na sekunde chache tu, na usijaribu hilo bila mtu wa kukudaka.

Kipimo cha pili ni cha miguu yenyewe. Kiti kisicho na mikono, kimo cha sentimita 43 hivi, kiegemezwe ukutani. Mikono ikunjwe kifuani. Mtu asimame wima kabisa na kuketi, mara nyingi awezavyo ndani ya sekunde 30. Mwanamume wa miaka 65 hadi 74 anayepata chini ya mara 12 yuko chini ya wastani. Kwa mwanamke, mpaka ni mara 11 akiwa na miaka 65 hadi 69, na mara 10 akiwa na 70 hadi 79. Akitumia mikono kujisukuma, andika sifuri. Si kumdhalilisha, ni kwa sababu kutumia mikono kwenyewe ni jibu.

Rudia baada ya wiki nane, saa ileile ya siku na viatu vilevile. Kipimo cha asubuhi hakilinganishwi na cha jioni mtu akiwa amechoka.

Kutembea hakutoshi

Ushauri unaotolewa mara nyingi ni "tembea kila siku". Kutembea kuna faida kwa moyo, sukari na roho, lakini kwa mizani peke yake ni zoezi dhaifu. Njia iliyonyooka na tambarare haimwondolei mtu kifuniko hata kimoja. Kwa mtu aliyedhoofika, kutembea kwa kasi kunaweza hata kumwongezea nafasi za kuanguka. Mazoezi yanayofanya kazi ni yale yanayoitikisa mizani kwa makusudi. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2019, yakijumlisha majaribio 108, yalikuta mazoezi hupunguza maanguko kwa takriban asilimia 23 kwa wazee wanaoishi majumbani, na ushahidi ulio imara zaidi ni wa yale ya mizani na ya miondoko ya kila siku. Mpango wa Otago, uliobuniwa New Zealand, ulipunguza maanguko kwa asilimia 35 kwa mazoezi ya nyumbani ya nusu saa mara tatu kwa wiki. Taichi, mazoezi ya Kichina ya miondoko ya polepole, nayo imethibitika. Shirika la Afya Duniani linashauri wazee wafanye mazoezi ya mizani na nguvu siku tatu au zaidi kwa wiki.

Ufunguo ni mkono. Kidole kimoja kikigusa meza kwa nguvu isiyofika uzito wa gramu 100, ambayo haiwezi kumzuia mtu asianguke, kuyumba hupungua kwa kiasi kikubwa. Kidole hakibebi chochote. Kinaleta habari za mwili uko wapi ukilinganisha na meza. Kwa hiyo mtu anayeshika kaunta kwa viganja viwili wakati wa zoezi hafanyi zoezi la mizani, anafanya zoezi la mikono. Ngazi za kushuka ni hizi: viganja viwili, kiganja kimoja, ncha za vidole, kidole kimoja, kisha mikono ikielea sentimita mbili tatu juu ya kaunta.

Anza na mkao unaoweza kuushika kwa shida kidogo. Dalili ya kiwango sahihi ni kwamba unayumba, vifundo vinafanya kazi, na katika kila jaribio la sekunde 30 unalazimika kugusa kaunta mara moja au mbili. Usipogusa kabisa, ni rahisi mno na hujengi kitu. Ukigusa kila baada ya sekunde tatu, ni vigumu mno, na mwili utajifunza kukaza tu. Ukishaweza sekunde 30 bila kugusa mara tatu mfululizo, badilisha jambo moja, na moja tu: punguza mkono, au finyaza mkao wa miguu, au anza kugeuza kichwa kulia na kushoto taratibu, au hesabu kwa sauti kutoka 100 ukiondoa tatu tatu. Kufumba macho na kukanyaga sponji vinakuja mwisho, navyo visichanganywe siku moja.

Kikao kimoja kinaweza kwenda hivi. Pasha mwili moto kwa dakika tano: kupiga hatua papo hapo, kuzungusha vifundo. Kisha kuinuka kwa vidole vya miguu mara 10, kuinua vidole ukibaki na visigino mara 10, seti mbili za kila kimoja. Kuinuka kitini mara 5 hadi 10: inuka upesi, keti polepole ukihesabu mpaka tatu. Upesi wa kuinuka ndio unaoziamsha zile nyuzi za kasi, na ukiacha upesi umeacha nusu ya zoezi. Halafu mikao ya kusimama, dakika 8 hadi 10. Halafu kutembea kando ya kaunta: hatua 10 kisigino kwa vidole, hatua 10 za pembeni, hatua 10 za kurudi nyuma, kila moja mara nne. Mwisho, hatua za dharura: simama wima, mtu mwingine ataje "mbele", "kulia", "nyuma" au "kushoto" bila mpangilio, nawe upige hatua moja ndefu upande huo kwa haraka na kurudi katikati. Hatua za pembeni zipewe nafasi kubwa kuliko nyingine, kwa sababu iliyoelezwa juu.

Makosa yanayorudiwa na wengi ni machache. Kutazama miguu: kichwa kinainama, kitovu cha uzito kinasogea mbele, na macho yanaacha kupima upeo. Kuzuia pumzi. Kufanya upande mzuri tu, kwa kuwa upande mbaya unatia aibu. Kufanya mara baada ya mlo mkubwa, wakati presha ya wazee wengi hushuka. Na kuacha baada ya wiki tatu kwa kuwa "sioni tofauti". Tofauti huonekana kati ya wiki 6 na 12, na ukiacha inaanza kuondoka.

Wasioruhusiwa kuanza peke yao ni aliyeanguka mara mbili au zaidi ndani ya mwaka, asiyeweza kusimama nyayo pamoja kwa sekunde 10, mwenye kizunguzungu kisichochunguzwa, na aliyetoka kwenye upasuaji au kuvunjika karibuni. Hao waanze na mtaalamu wa fiziotherapia. Na mtu ambaye mizani yake imeharibika ghafla, ndani ya saa au siku chache, pamoja na kuona maradufu, maneno kukwama au udhaifu wa upande mmoja, huyo si wa mazoezi. Apelekwe hospitali mara moja, hiyo huenda ni kiharusi.

Dawa, presha, miwani, viatu

Mazoezi hayawezi kushindana na kidonge kinachomlaza mtu. Dawa za usingizi na wasiwasi za kundi la benzodiazepini ni miongoni mwa zile mbaya zaidi kwa mizani. Zimo pia dawa za sonona, za magonjwa ya akili, za maumivu za jamii ya opioidi, na dawa za zamani za mafua na mzio zinazoleta usingizi. Dawa za presha, za kukojosha na za tezi dume huongezeka hapo kwa njia nyingine, ya kushusha presha mtu anapoinuka. Usiache dawa yoyote mwenyewe, hasa ya usingizi uliyoizoea, kwani kuikata ghafla kuna hatari zake. Weka zote kwenye mfuko mmoja, pamoja na za kununua bila cheti, uende nazo kwa daktari uulize ipi bado inahitajika.

Presha ya kusimama ipimwe hivi: lala dakika tano, pima, simama, pima tena baada ya dakika moja na baada ya tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, kuna tatizo, hata kama mtu hasikii kizunguzungu. Mpaka daktari aone, mtu akiamka akae ukingoni mwa kitanda kwa dakika moja, apige vifundo juu na chini mara 20, asimame akiwa ameshika kitu, ahesabu mpaka kumi ndipo apige hatua.

Miwani yenye lenzi za sehemu mbili au zaidi ina kasoro isiyosemwa dukani. Sehemu ya chini imetengenezwa kwa kusoma kitu kilicho karibu na uso, lakini ukitazama ngazi unatazama kupitia sehemu hiyohiyo, na ukingo wa ngazi uko mbali zaidi ya hapo, kwa hiyo unakuwa ukungu. Anayetoka nje mara kwa mara afikirie miwani ya pili ya kuona mbali tu, kwa ajili ya barabara na ngazi. Asiyetoka mara nyingi abaki na aliyoizoea, maana kubadilisha kunaweza kumchanganya. Na lenzi mpya zenye nguvu tofauti sana na za zamani zihitaji wiki kadhaa za tahadhari.

Viatu: kisigino cha chini na kipana, sehemu ya nyuma ngumu inayoshika kisigino, kamba au mkanda wa kubana, soli isiyoteleza, nyembamba kiasi na ngumu. Soli nene laini hupendeza mguu lakini huzima habari za unyayo. Soksi pekee na ndala zilizolegea ndani ya nyumba ni mbaya kuliko watu wanavyodhani.

Fimbo ishikwe mkono ulio kinyume na mguu mbovu. Urefu wake ufike mkunjo wa kifundo cha mkono, mtu akiwa amesimama wima, ameachia mikono na amevaa viatu. Ikiwa ndefu kuliko hapo bega linapanda, ikiwa fupi mtu anainama. Hata fimbo inayoguswa kidogo tu inasaidia, kwa sababu ileile ya kidole na meza.

Kuinuka kutoka sakafuni

Jambo hili hufundishwa mara chache, na ni kosa. Mtu aliyelala sakafuni zaidi ya saa moja bila msaada huweza kupata vidonda vya mgandamizo, kupoteza maji na misuli kuharibika, hata kama hakuvunjika kitu. Anayejua kuinuka hupungukiwa na woga wa kuanguka, na kwa sababu hiyo husimama vizuri zaidi.

Kwanza atulie, ajipapase. Akisikia maumivu makali ya nyonga, shingo au mgongo, asijiinue, aite watu. Pia aite ikiwa amegonga kichwa, hasa kama anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda. Akiwa salama, ajiviringishe ubavu, ajisukume kwa kiwiko na mkono mpaka magotini na viganjani, atambae hadi kwenye kiti kizito. Viganja viwili juu ya kiti, mguu wenye nguvu mbele ukikanyaga unyayo wote, kisha asukume kwa mikono na mguu huo kwa pamoja, ageuze makalio, aketi. Abaki ameketi dakika kadhaa kabla ya kusimama. Zoezi hili lifanyike kwenye mkeka, mtu mwingine akiwepo, angalau mara moja kwa wiki. Mara ya kwanza, aanze kwa kushuka nusu tu, goti moja kwenye mto, mikono yote miwili kitini, apande tena.